Njaa ya Dunia na Ghala Lako: Mkulima wa Kawaida Afanye Nini?

Leo sitaanza na mbegu wala mbolea. Nataka tuongelee njaa. Najua wengine mtasema, "Bwana shamba, njaa ya dunia ni kazi ya serikali na mashirika makubwa, sisi tunatafuta hela." Nakuelewa. Lakini nisome mpaka mwisho, maana hela unayoitafuta na njaa ninayotaka kuizungumzia vimelala chumba kimoja: pale unapohifadhi mahindi yako.

Nianze na kisa kilichonibadilisha mimi mwenyewe.

Gunia 62 zilizobaki 41

Miaka kadhaa iliyopita, huku kwetu upande wa Kongwa, kulikuwa na kijana mmoja niliyejivunia sana. Alikuja kwenye shamba darasa langu msimu mzima. Alinunua mbegu bora, akapanda kwa nafasi, akaweka mbolea kwa wakati. Kwenye ekari 6 akatoa gunia 62. Kwa ukame wa huku, hayo si mavuno ya kuchezea. Nikawa namtaja kila mkutano wa kijiji.

Julai bei ilikuwa chini, kama kawaida, kila mtu anavuna na kila mtu anauza. Kijana akaamua kusubiri Januari. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Alikopa kidogo kwenye kikoba ili asiuze kwa shida, akayaweka mahindi kwenye viroba vya kawaida ndani ya chumba kimoja cha nyumba, humo humo yalimobaki mahindi ya mwaka uliopita pembeni.

Mwishoni mwa Novemba akanipigia simu. "Shikamoo bwana shamba. Naomba uje nyumbani, kuna kitu sikielewi." Nilipofika, hata kabla hajafungua kiroba niliona vumbi jeupe sakafuni. Tulipomwaga kiroba cha kwanza kwenye turubai, nusu ilikuwa unga na maganda, na wadudu wadogo weusi wanatembea juu yake. Dumuzi. Tulipepeta siku mbili. Kwenye gunia 62 zikapatikana 41 za mahindi yanayoeleweka, na hata hayo yana matundu. Dalali alipokuja akatoa nusu ya bei ya soko, na kijana akaikubali, kwa sababu kikoba kilikuwa kinamdai. Februari mke wake alikuwa ananunua unga dukani kwa kilo mbili mbili.

Aliniambia neno moja ambalo sijalisahau: "Bwana shamba, ulinifundisha kila kitu mpaka kuvuna. Baada ya hapo ulinyamaza."

Alikuwa na haki. Msimu mzima nilifundisha namna ya kuongeza mavuno, sikutoa hata siku moja ya somo la kuyatunza. Kwa hiyo haya ninayoandika leo ni deni.

Sasa tupige hesabu ya zile gunia 21 zilizopotea. Gunia la kilo 100 mara 21 ni kilo 2,100. Mtu mmoja tumpe nusu kilo ya mahindi kwa siku, ambayo kwa ugali na uji inatosha. Familia ya watu 6 inakula kilo 3 kwa siku. Kilo 2,100 ni chakula chao cha siku 700. Karibu miaka miwili! Chakula hicho kilikuwepo. Kilipandwa, kikapaliliwa, kikavunwa, kikaingia ndani ya nyumba. Kisha kikaliwa na mdudu mwenye urefu wa milimita 3 au 4.

Je, dunia haina chakula cha kutosha?

Watu wengi wakisikia njaa wanafikiri chakula kimeisha duniani. Hebu tuangalie. Kwa miaka ya karibuni dunia inavuna nafaka zaidi ya tani bilioni 2.8 kwa mwaka: ngano, mahindi, mpunga, mtama na nyinginezo. Watu tuko zaidi kidogo ya bilioni 8. Ukigawa, kila mtu anapata kama kilo 350 kwa mwaka, yaani inakaribia kilo moja kwa siku, mtoto na mtu mzima. Kweli, sehemu kubwa inakwenda kulisha mifugo na kutengenezea mafuta ya magari. Lakini hata hivyo huwezi kusema dunia imeshindwa kulima.

Na bado, taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2025 inasema mwaka 2024 watu wapatao milioni 673 walikuwa na njaa. Kati yao, kama milioni 307 wako Afrika. Maana yake, kati ya kila Waafrika watano, mmoja analala bila kula cha kutosha.

Basi chakula kinakwama wapi? Mimi naona matundu matatu kwenye gunia hili.

Tundu la kwanza ni vita na ukame. Angalia Sudan. Vita ilianza Aprili 2023, na Agosti 2024 wataalamu wakathibitisha baa la njaa kwenye kambi ya Zamzam, Darfur Kaskazini. Wale watu wengi wao ni wakulima na wafugaji kama sisi. Wamefukuzwa mashambani, na barabara za kupeleka chakula zimefungwa. Tundu hili mimi na wewe hatuwezi kulishona.

Tundu la pili ni mfuko wa mtu. Chakula kipo sokoni, hela ya kukinunua haipo. Mchumi Amartya Sen kutoka India aliliandikia kitabu mwaka 1981. Alichambua baa la njaa la Bengal la 1943 lililoua mamilioni ya watu, akaonyesha kwamba chakula hakikuwa kimepungua kiasi cha kueleza vifo vile. Bei zilipanda, na vibarua, wavuvi na watu wa kipato kidogo wakashindwa kununua. Sasa jiulize, huyo mke wa kijana wetu anayenunua unga Februari, familia yake ilivuna au haikuvuna? Ilivuna. Kilichotokea ni kwamba waliuza kwa bei ya chini na sasa wananunua kwa bei ya juu.

Tundu la tatu ni upotevu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linakadiria kuwa kama asilimia 13 ya chakula duniani hupotea kati ya kuvuna na kufika dukani. Halafu kuanzia dukani mpaka jikoni, mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05, na zaidi ya nusu yake zilitupwa majumbani. Wenzetu wa nchi tajiri na hata sisi wa mijini tunatupa kikiwa kimepikwa. Sisi wa shambani tunakipoteza kabla hakijafika sufuriani.

Tundu la tatu lote liko mikononi mwetu, na nusu ya lile la pili pia. Hapo ndipo mtu wa kawaida anaweza kufanya kitu, tena bila kufungua hata ekari moja mpya.

Mjue adui: dumuzi, fukusi na kuvu

Dumuzi si mdudu wa asili ya huku. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Hapa Afrika Mashariki alionekana kwanza Tabora kuelekea mwaka 1980, kisha akasambaa na mahindi ya biashara mpaka nchi nyingi za Afrika. Wakulima wengine wanamwita Scania, kwa jinsi anavyofanya kazi. Anakula mahindi na makopa ya muhogo, na anaweza kujificha ndani ya mbao na miti ya kihenge akisubiri mavuno yajayo. Ndiyo maana mahindi ya mwaka jana kwenye kona ya chumba yalimponza yule kijana. Yalikuwa kitalu cha dumuzi.

Fukusi tunamfahamu wa siku zote, yule mwenye kijimdomo kirefu. Naye anaharibu, ila polepole kuliko dumuzi.

Wa tatu ndiye mbaya zaidi, kwa sababu hapunguzi tu gunia, anaua. Ni kuvu anayetengeneza sumukuvu. Huyu anapenda mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, zilizokaushwa chini kwenye udongo, au zilizovunjika. Mwaka 2016 hapa mkoani Dodoma na jirani zetu wa Manyara watu waliugua ini kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na takribani 20 walifariki. Kenya mwaka 2004, maeneo ya Makueni, Kitui na Machakos, walifariki watu 125. Sumu hii haiishi kwa kupika. Haionekani kwa macho, haina harufu. Na ukilisha ng'ombe wa maziwa mahindi yaliyooza, sehemu ya sumu inarudi kwako kwenye maziwa. Kwa hiyo ile tabia ya kusema "haya mabovu tutawapa mifugo" tuiache.

Kwa mfanyabiashara sumukuvu ni soko pia. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa siku kadhaa kwa sababu hiyo hiyo, halafu ikaruhusu kwa masharti ya vyeti vya ubora. Waliokuwa na magari njiani wanaijua hasara yake.

Hatua saba, kuanzia shambani mpaka ghalani

Sasa twende kazi. Hii ndiyo sehemu ya kuandika kwenye daftari.

1. Vuna kwa wakati. Pukuchua punje chache, angalia pale ilipokuwa imeshikana na gunzi. Ukiona kidoa cheusi, punje imekomaa. Usiyaache mahindi wiki na wiki shambani ati yajikaushe yenyewe. Dumuzi na fukusi huanza kuingia humo humo shambani, na mvua ya kuchelewa inakuletea kuvu.

2. Kausha juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo. Geuza mara kwa mara. Jioni kusanya na ufunike, umande wa usiku unarudisha unyevu wote uliouondoa mchana.

3. Pukuchua bila kuvunja punje. Kupiga magunia kwa fimbo ni haraka, ila punje zilizopasuka ndizo kuvu na wadudu wanazozianza. Kama mko kumi, changeni mkodi mashine nzuri ya kupukuchua.

4. Pima unyevu. Kama kikundi chenu au ghala la jirani lina kipima unyevu, kitumie, usikisie kwa meno. Kama hakuna, tumia chupa na chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, jaza mahindi mpaka theluthi moja, weka vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yako juu ya asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda, yako chini ya 15, lakini huenda hujafika 13.5. Mpe jua jingine siku moja au mbili ndipo uhifadhi.

5. Pepeta na uchambue. Ondoa takataka, punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Hizo zenye ukungu fukia. Usiuze, usile, usilishe kuku.

6. Safisha ghala kabla mzigo mpya haujaingia. Toa mahindi yote ya zamani, fagia mpaka kwenye nyufa, choma uchafu, ziba matundu ya panya. Viroba vya zamani usivitumie kabla hujavichemsha na kuvianika juani.

7. Chagua njia moja ya kuhifadhi na uifuate sawasawa. Hapa tuna njia kubwa mbili.

Ya kwanza ni mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS ambayo wengi huku wanaiita mifuko ya kinga njaa. Teknolojia hii ilianzia Cameroon kwenye miaka ya 1980, watafiti wa huko wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, kwa ajili ya kunde. Ina mifuko miwili ya plastiki nzito ndani na kiroba nje. Siri yake ni ndogo: wadudu waliomo wanatumia hewa iliyobaki ndani, ikipungua wanaacha kula, wanaacha kuzaana, wanakufa. Huweki dawa yoyote. Kabla ya kujaza, puliza kila mfuko wa plastiki kama puto, uone kama unavuja. Jaza mahindi makavu, shindilia hewa itoke, funga shingo ya mfuko wa ndani peke yake kwa kuisokota, kuikunja na kuikaza kwa kamba. Kisha wa pili hivyo hivyo, kisha kiroba. Panga juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta. Na usifungue fungua. Ukifungua leo kuchota debe moja na kesho tena, umeingiza hewa na umewafufua wadudu. Mahindi ya kula weka kwenye mfuko wake. Mfuko ukiutunza bila kutoboka, unautumia hata misimu mitatu.

Angalizo: mfuko huu hauponyi mahindi mabichi. Ukifunga yenye unyevu utafungua ukungu.

Ya pili ni dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya dumuzi na fukusi wote. Nunua kwenye duka la pembejeo linalotambulika, soma kibandiko, pima kiasi kilichoandikwa kwa kila gunia, changanya vizuri juu ya turubai, na heshimu muda wa kusubiri kabla ya kula. Dawa ya kupulizia shambani usiiweke kwenye chakula hata kidogo. Na vile vidonge vya kufukizia, naomba mnisikie vijana wangu: vile vinatoa gesi inayoua mtu. Usiviweke kwenye gunia chumbani unapolala na watoto. Kufukiza ni kazi ya fundi aliyefundishwa, kwenye ghala lililofungwa, hakuna mtu ndani.

"Bwana shamba, mifuko ni ghali"

Hili naambiwa kila mara. Tupige hesabu, wewe weka bei za kwako. Tuchukulie mfuko mmoja ni shilingi 5,000 na gunia la mahindi ni shilingi 50,000. Unataka kuhifadhi gunia 40, mifuko ni shilingi 200,000. Ukipoteza asilimia 20 tu kwa wadudu, ni gunia 8, sawa na shilingi 400,000. Na hapo sijahesabu kwamba mahindi yaliyobaki yenye matundu yanashuka bei. Tena mfuko unarudi kazini msimu ujao. Ghali ni ipi hapo?

Gawa mavuno kabla dalali hajafika

Kuhifadhi si kusema kila kitu kisubiri Januari. Bei inaweza isipande. Nchi jirani ikivuna sana, au mpaka ukifungwa, wanaosubiri wote wanaumia. Kwa hiyo kijana wa biashara ayagawe mavuno yake mafungu manne, siku ile ile anayomaliza kupukuchua.

Fungu la kwanza ni chakula cha nyumbani. Hili haliuzwi. Hesabu watu wote wanaokula kwako, zidisha kwa nusu kilo, zidisha kwa siku mpaka mavuno yajayo. Watu 6 kwa mwaka mzima ni kilo 1,095, sawa na gunia 11. Ukipata wageni na misiba, weka 12. Mkae na mwenza wako mkubaliane namba hiyo wote wawili, maana mara nyingi anayeuza ni baba na anayehangaika Februari ni mama.

Fungu la pili ni madeni na pembejeo za msimu ujao. Fungu la tatu ni la kuuza sasa, kwa mahitaji ya haraka kama ada. Fungu la nne ndilo la kusubiri bei, nalo lihifadhiwe vizuri kama tulivyosema. Likipotea bei, bado hujalala njaa.

Na unapouza, uza kwa mizani. Lumbesa ni wizi mnaoukubali wenyewe, na sheria ya vipimo hairuhusu. Kilo 20 za kilele cha gunia ni chakula cha mtu mmoja siku 40.

Gunia limejaa, mtoto amedumaa

Kuna njaa nyingine haisikiki tumboni. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa. Sasa ajabu ni hii: Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa tunayoitegemea kwa chakula, ilikuwa juu kabisa, karibu nusu ya watoto au zaidi. Mahindi yamejaa ghalani, mtoto anakula ugali na uji tu, mama yuko shambani tangu alfajiri.

Kwa hiyo mkulima wa biashara, usilime mahindi peke yake mpaka mlangoni. Acha sehemu ya maharage au kunde, na hizo nazo mfuko usiopitisha hewa unazitunza vizuri sana. Weka kuku wachache ambao mayai yao ni ya watoto kwanza, soko baadaye. Panda mchicha, matembele na mpapai karibu na maji ya kuoshea vyombo. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na mtoto ambaye darasani hawezi kushika somo.

Nje ya ua wako

Utauliza, sasa hiyo inamsaidiaje mtu wa Sudan? Nakujibu hivi. Mahindi yetu husafiri. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, limewahi kununua mahindi hapa Tanzania kwa ajili ya misaada ya nchi jirani. Halinunui mahindi yenye matundu wala yenye sumukuvu. Kila gunia safi linaloingia sokoni linaongeza chakula kinachoweza kufika mbali, na linamsaidia yule mnunuzi wa kilo mbili mbili mjini, kwa sababu chakula kikibaki kingi mpaka Februari, bei haipai sana.

Halafu kuna jirani. Kila kijiji kina bibi anayelea wajukuu, au mgonjwa ambaye hakulima mwaka huu. Kikundi cha vijana 15 kikitenga kila mmoja debe moja tu, ni kama kilo 300, kwenye mifuko mitatu iliyofungwa vizuri. Huko ndiko wazee wetu walikotoka, walikuwa na maghala ya pamoja kabla sisi hatujazaliwa. Na ndugu zetu wa mijini mnaotusoma, kazi yenu iko jikoni: pika kinachotosha, kiporo kiliwe, usinunue nyanya kreti kwa sababu tu ni rahisi halafu nusu ikaoza.

Yule kijana? Msimu uliofuata alivuna gunia 48 tu, mvua zilikuwa mbaya. Alinunua mifuko 30 kwa kuuza mbuzi wawili. Februari nilipita kwake, akanikaribisha chakula. Alifungua mfuko mmoja mbele yangu, akachota mahindi kiganjani, akanipa niyaangalie. Punje nzima, zinang'aa. Hakusema kitu, na mimi sikusema. Mke wake alikuwa anapeleka debe moja kusaga.

Kazi ya wiki hii kwako: kabla mavuno hayajaanza, nenda kaangalie pale utakapohifadhi. Fagia, ziba matundu, hesabu watu wa nyumbani kwako uandike namba ya gunia za chakula ukutani. Ukikwama popote, muone afisa ugani wa kata yako, au niulize mimi. Na safari hii sitanyamaza baada ya kuvuna.

Kila la heri, tukutane shambani.